Ofisi ya Mianzi

Kwa miaka kadhaa uso wangu ulitundikwa ukutani katika ofisi moja pale Ibighi, mjini Tukuyu. Pichani nimesimama kando ya cherehani kipya, mkono mmoja juu ya gurudumu lake, meno yote nje, na chini yangu yameandikwa maneno makubwa ya bluu: SASA NAWEZA. Watu nisiowajua walinisimamisha sokoni na kunipongeza. Ukweli ni kwamba sikuweza. Sijawahi kushona pindo likanyooka, na hata leo kifungo kikikatika kwenye gauni langu naweka pini. Lakini picha ile siionei aibu hata kidogo, na kwa kuwa walioipiga walishaondoka zamani, naweza kueleza ilivyopatikana.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikawa nakaa nyumbani kwetu Kisondela nikifanya walichofanya wasichana wote wasiochaguliwa: kuchuma chai ya watu, kubeba ndizi mpaka barabarani, na kungoja kuolewa huku nikisema sitaki. Ilikuwa miaka ya soko huria. Duka la ushirika kijijini lilikuwa limefungwa, shule zilikuwa zimeanza kudai michango ya kila namna, na soko la Tukuyu lilijaa mitumba, mpaka wazee wa kanisa wakawa wanavaa fulana za timu za nchi wasizozijua. Mimi sikujua kwamba nina tatizo rasmi. Nilijua nina hasira tu. Ndipo likaja gari jeupe, likakwama kwenye tope karibu na kanisa, na baada ya watu kulisukuma akashuka dada mmoja kutoka Dar es Salaam, akatueleza kwamba sisi ni wasichana walio nje ya mfumo wa elimu, kutoka jamii za pembezoni. Bibi yangu aliuliza pembezoni mwa nini, maana yeye tangu azaliwe alikuwa katikati ya migomba yake.

Yule dada ndiye aliyekuwa mratibu wa mradi. Mimi nilikuwa nimekaa kidogo na shangazi yangu Mbeya mjini, Kiswahili changu kikamwingia sikioni bila taabu, akanipa kazi papo hapo. Nikaitwa mwezeshaji msaidizi. Wenzangu wakaitwa walengwa. Kulengwa kwetu tulikujua kwa ndege na manati, kwa hiyo mwanzoni wasichana wengi waliona heri wabaki nyumbani.

Semina ya kwanza ilifanyika Ibighi, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Tuligawiwa kadi za rangi na kalamu nene, tukaambiwa tuchore mti wa matatizo. Mizizi ni vyanzo, shina ni tatizo lenyewe, matawi ni matokeo. Wazazi walioalikwa walichora kwa bidii, kwa sababu kwetu mti ni kitu cha heshima. Mama mmoja wa kijijini kwetu aliinua mkono akauliza mti huu unazaa mwezi gani. Mratibu aliliandika swali lake kwenye kadi ya njano, akalibandika ukutani na kusema ni mchango mzuri.

Baada ya mti tukaulizwa tunataka kujifunza kazi gani. Karatasi ilijaa. Wengine walitaka kukausha ndizi, wengine kuuza maparachichi mbali, na wasichana wa Isongole walitaka mbegu bora za viazi na hawakuzunguka. Mratibu alisoma yote kwa sauti, akatupigia makofi, kisha akatangaza kwamba tumechagua ushonaji. Vyerehani vilikuwa vimeshatua bandarini. Hakuna aliyebisha, tulikuwa tumeshakunywa soda zao.

Mimi nilinung'unika peke yangu. Nani ashone gauni wakati mitumba inauzwa kwa bei ya karanga? Jibu lilitoka kwa yule mama wa mti. Alisema kitu kimoja tu hakiji kwenye marobota ya mitumba, nacho ni sare ya shule. Watoto bado wanafukuzwa shule kwa kukosa sare, akasema, hata kama wao wenyewe hawafundishwi kitu wakiwa ndani. Mratibu alifurahi, akaliita hilo upembuzi wa soko.

Sasa nieleze habari za huyo mama, kwa sababu mambo yote yanapita kwake. Alikuwa jirani yetu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na mume wake alikuwa fundi cherehani pekee wa kweli katika kata nzima. Yule mzee alikuwa ameshona miaka mingi katika karakana ya ushirika, mpaka ushirika ulipokufa. Mitumba ikaja ikammaliza. Alibaki na tai, futi ya kupimia shingoni, na maringo ya mtu aliyewahi kushonea wakuu wa wilaya suruali. Alikuwa na maringo kwelikweli. Ukimsalimia kabla hajamaliza kuikung'uta kofia yake, hakuitikii.

Wawili hawa walikuwa na mkamwana, mke wa mtoto wao wa kiume. Ndiye rafiki yangu, na ndiye hasa niliyeanza kuandika kwa ajili yake. Tulisoma pamoja mpaka darasa la tano, akiniacha nyuma katika kila somo, kisha mama yake akafariki na yeye akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Aliolewa mapema. Mume alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, akatuma salamu kwamba ameona dalili. Dalili hizo hazikufika nyumbani. Rafiki yangu akawa anachuma chai na mtoto mgongoni, mvua ya Rungwe ikiwanyeshea wote wawili, mtoto akikohoa mwaka mzima.

"Mimi sitaki makubwa," aliniambia siku aliposikia habari za mradi. "Nataka kazi yenye paa."

Mratibu alikuwa ameahidi kwamba vyerehani vitakuwa vya kikundi, isipokuwa kimoja, ambacho mwishoni atapewa mhitimu bora awe nacho nyumbani kwake. Rafiki yangu alipolisikia hilo, niliona macho yake. Cherehani kibarazani kwake, mtoto amelala kando, mvua nje. Hakuwa na hamu ya kitu kingine chochote duniani, na mimi nilikihitaji kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu changu mwenyewe.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa kumchagua mwalimu. Mratibu akauliza nani anajua kushona. Kila mtu akamtaja yule mzee. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kimya. Akauliza tena, kwa sababu mradi ulikuwa shirikishi. Kimya. Mama mkwe wa rafiki yangu alikuwepo, mimi nilikuwepo, wazazi wa wasichana wote walikuwepo, na kila mmoja alijua kuna jambo. Hakuna aliyelisema. Mambo ya wakwe hayatangazwi mkutanoni mbele ya mgeni, na zaidi ya hapo kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshamnong'oneza. Mzee akapigiwa makofi, akasimama, akakung'uta kofia.

Jambo lenyewe ni hili. Kwetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi wamegombana, wanaweza kupendana sana. Hawaonani kwa macho, hawazungumzi uso kwa uso, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani, anachuchumaa na kujifunika kitenge mpaka mzee apite. Naye mzee mwenye adabu anakohoa tangu kwenye kona, hata kama kifua chake ni kizima, ili mkamwana apate nafasi ya kutoroka. Wasichana wa mjini walikuwa wameshaanza kuicheka desturi hiyo. Kisondela hakuna aliyecheka.

Siku ya kwanza ya darasa, wasichana tulikaa ndani ya lile duka la zamani la ushirika, nyuma ya kaunta ndefu ambako zamani sukari ilipimwa. Vyerehani vilipangwa mbele, vinang'aa. Rafiki yangu alikaa cha kwanza kabisa. Sijui aliwaza nini, labda alidhani mzee atamtuma mtu mwingine. Tukasikia kikohozi kwenye mparachichi. Tukasikia kingine karibu na mlango. Rafiki yangu akanyanyuka, akamnyakua mtoto wake, akatoka dirishani. Mwalimu akaingia na tai yake, akaliona benchi tupu na dirisha wazi, akaelewa, akageukia ukuta. Somo la kwanza la mradi wetu lilifundishwa ukutani.

Wanawake wa kijiji hawakuitisha semina. Kesho yake walikuja na mianzi iliyopasuliwa, wakasuka kiambaza, wakakisimamisha kibarazani nje ya dirisha. Rafiki yangu akawekewa cherehani huko. Sauti haikatazwi, na mzee alikuwa na sauti ya kutosha kijiji kizima. Kwa hiyo yeye alifundisha ndani, mkamwana akashona nje, na mimi, mwezeshaji msaidizi, nikapata kazi ya kweli kwa mara ya kwanza. Nikawa tarishi. Kipande kikiisha nilikipeleka ndani. Mzee alikigeuza, akakinyoosha kwenye mwanga, akavuta mshono kwa kidole gumba.

"Mwambie wa nje arudie," alisema. Z zake zote zilikuwa S, kama wazee wetu wengi. "Usi umelegea. Kasi gani hii?"

Nilitoka nikamwambia arudie, ingawa alikuwa ameshasikia neno kwa neno. Akafumua, akashona upya, nikaingia nacho, mzee akavuta kwa kidole gumba. Arudie. Wasichana wa ndani aliwaambia "inafaa" hata pindo lilipokwenda kama njia ya mbuzi. Wa nje hakuwahi kuambiwa inafaa. Nilichukia. Nilidhani mzee anamwonea, au anaogopa watu watasema anampendelea mkwe wake. Rafiki yangu hakulalamika. Alisema ndani wanajifunza kushona haraka, yeye anajifunza kushona. Miezi ikapita, kola zake zikawa zinakaa shingoni kama zimezaliwa hapo, na bado aliambiwa arudie.

Kisha mratibu akaja kutukagua. Alishuka garini, na kitu cha kwanza alichokiona ni msichana mmoja na mtoto wake wamekalishwa nje kwenye baridi, nyuma ya kiambaza, wenzake wote wakiwa ndani. Sikumlaumu kwa alivyoshtuka. Nilimlaumu kwa alichofanya baada ya hapo, maana hakuuliza chochote. Alisema hapa kuna ubaguzi, akasema hapa kuna ukandamizaji, akakiangusha kile kiambaza kwa mikono yake na kumshika rafiki yangu mkono amwingize ndani, mstari wa mbele, awe mfano. Rafiki yangu alijifunika kitenge kichwa kizima na kujivuta nyuma. Ndani, mzee wa watu alikuwa ameingia chini ya kaunta.

Mama mkwe alikuwa anapita na mkungu wa ndizi. Aliutua chini.

"Mwanangu," alimwambia mratibu, "ndaga kwa kuja. Lakini hii ni aibu fijo." Ndaga ni asante, fijo ni sana, na alivyolitamka hilo la pili hata mgeni alielewa.

"Ndiyo, mama, ni aibu," akasema mratibu kwa furaha. "Ndiyo maana tumekuja kuibadilisha."

Wakaagana vizuri sana, kila mmoja akiamini mwenzake amekubaliana naye.

Matokeo yake hayakuwa kwenye tawi lolote la ule mti wetu. Rafiki yangu hakurudi darasani. Mzee naye aliugua kifua, kile kile cha kukohoa, akabaki kwake na mlango umefungwa. Wasichana waliosalia walizungusha magurudumu bila uzi, mpaka na hilo likawachosha. Mratibu akatuma ujumbe kwamba kanuni ni kanuni, mlengwa asiyehudhuria anafutwa. Nilimkuta rafiki yangu shambani kwenye chai, kapu mgongoni, mtoto juu ya kapu, wote wameloa.

"Kule kuna paa lakini siwezi kuingia," aliniambia. "Huku naingia lakini hakuna paa. Basi."

Alisema hivyo bila kulia, ndicho kilichoniudhi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake na kusema maneno ambayo msichana hapaswi kumwambia mama wa watu. Nilisema desturi yenu itamrudisha huyu kwenye chai maisha yake yote. Alinisikiliza huku akimenya ndizi za mbalaga. Nilipomaliza alisema, "Wale wa mjini wamekasirika kwa sababu mwanamke amefungiwa. Mwanamume akifungiwa watakasirika?"

Sikuelewa mpaka nilipowaona wakibeba mianzi ile ile kuiingiza ndani. Walijenga kwenye kona ya duka, nyuma ya kaunta, chumba kidogo cha mianzi chenye mlango wake kwa nyuma, unaotokea nje. Mbele waliacha tundu moja, usawa wa kaunta, la kupitishia nguo. Mzee angeingia kwa mlango wake wa nyuma, akohoe akishakaa, na afundishie humo humo. Mkamwana angekaa mstari wa mbele kabisa, ndani, chini ya paa, na mtoto wake kando.

Kumshawishi mzee ndiko kulikokuwa kazi. Alisema yeye si kuku. Alisema ameshonea wakuu wa wilaya. Mke wake akamwambia wakuu wa wilaya nao wanakaa kwenye vyumba ambavyo huwezi kuingia bila kubisha hodi. Mzee alifikiri. Siku iliyofuata alikuja na kibao kidogo alichokiandika mwenyewe kwa rangi, akakipigilia juu ya tundu: OFISI YA MWALIMU. Kuanzia hapo ukitaka kumwonyesha kipande ilibidi ubishe hodi kwenye mwanzi, akungojeshe kwanza, ndipo mkono utokee tunduni.

Mratibu aliporudi alimkuta yule msichana wake mstari wa mbele, akishona, na mwalimu ana ofisi. Alifurahi mno. Akaandika kwamba jamii imejenga ofisi kwa nguvu zake yenyewe. Wageni waliofuata wote walionyeshwa ofisi ile, wakapiga picha kile kibao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mwalimu hatoki.

Kwa hiyo tukamaliza mwaka. Ikafika siku ya kufunga mafunzo. Mzee alitakiwa kumchagua mhitimu bora, na ili kuondoa maneno tulimwekea mashati ya shule kwenye kaunta, bila kumwambia lipi la nani. Mkono ulitoka tunduni, ukapapasa moja baada ya jingine, ukavuta kola, ukavuta mabega. Ukalisukuma moja mbele. Lilikuwa la rafiki yangu. Mzee hakujua ni la nani, au alijifanya hajui. Mimi nina maoni yangu.

Nikashangilia mapema mno. Asubuhi ya sherehe mratibu alinipa ratiba. Wafadhili wawili walikuwa wameshawasili, wamevaa kofia za jua siku ya mvua, na mpiga picha wao alikuwa anatafuta mwanga. Kwenye ratiba iliandikwa: mwalimu kumkabidhi mhitimu bora cherehani, mkono kwa mkono, picha. Ndiyo picha kuu, alisema mratibu. Asiyejitokeza kupokea, cherehani kinakwenda kwa anayemfuata.

Nilikwenda ofisini, nikabisha hodi. Mzee alisema kupitia tundu kwamba yeye hatoki. Nilikwenda jikoni nyuma ya duka, ambako rafiki yangu alikuwa anakoroga sufuria ya wali wa wageni ili asiwepo mbele. Alisema wampe anayefuata.

"Umerudia mwaka mzima," nilimwambia. "Leo ndiyo unaacha?"

"Sasa nifanyeje? Nimtazame baba usoni mbele ya watu kwa ajili ya chuma? Nitaishi naye vipi kesho?"

Hapo nilimfuata mratibu garini, nikafunga mlango, nikamweleza yote, tangu kikohozi mpaka ofisi. Nilitegemea kelele. Alitazama wafadhili wanavyoteleza kwenye tope.

"Mama yangu mpaka leo hali chakula mbele ya mume wangu," alisema mwishowe. "Akija kwetu anakula chumbani kama mgonjwa. Kwa nini hukuniambia haya, mdogo wangu?"

"Hukuuliza, dada. Ulituambia tuchore mti."

Alicheka, kisha akawa mkali ghafla, mambo ya kazi. "Mimi nahitaji picha. Msichana, mwalimu, cherehani. Basi." Akanipima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe mzee huyu si mkweo?"

"Si mkwe wangu."

"Vaa fulana ya mradi. Wafadhili hawawezi kuwatofautisha."

Hivyo ndivyo nilivyohitimu. Mzee alikubali kutoka baada ya kuhakikishiwa mara nyingi kwamba mkamwana yuko jikoni na mlango umefungwa. Alikung'uta kofia, akanyoosha tai, akanikabidhi cherehani kwa uso wa mtu aliye msibani, kwa sababu alinifahamu vizuri na alishaona mapindo yangu. Mpiga picha akaniambia niweke mkono juu ya gurudumu, nicheke. Nikacheka kwa moyo wote, maana kupitia ufa wa mlango wa jikoni niliona jicho moja na mwiko. Wafadhili walinishika mkono na kuniuliza sasa maisha yangu yatakuwaje. Niliwaambia nitafanya kazi yenye paa. Waliliandika. Jioni wanawake wakabeba cherehani kwa zamu, kwa njia ya migombani, mpaka kibarazani kwa mwenyewe.

Mradi ukaisha kama miradi inavyoisha. Mratibu alihamishiwa kwenye mbuzi wa maziwa, mkoa mwingine, na vyerehani vya kikundi vikaanza kudaiana vipuri mpaka vikabaki vyuma. Picha yangu ikabaki ukutani Ibighi, na kazi iliifanya. Wazazi wa Tukuyu waliniona SASA NAWEZA, wakanifuata na vitambaa vya kaki na vya bluu niwashonee watoto wao sare. Niliwapokea kwa tabasamu lile lile la ukutani, nikazipeleka nguo zote Kisondela. Walisifu mkono wangu. Mtoto wa rafiki yangu aliacha kukohoa, akaanza shule mwenyewe, na sare yake ilikuwa na mishono ambayo walimu waliigeuza kuitazama.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa moyoni, akaniambia siku moja akiwa anakata uzi kwa meno. Katika mwaka mzima ule mzee hakuwahi kusema kazi yake inafaa. Shati lile la mwisho alilisukuma mbele tu, hakusema. "Sijui kama najua," aliniambia. Mimi nilikasirika tena. Nilimwambia nusu ya wilaya imevaa kazi yake. Akasema nusu ya wilaya haijui kuvuta mshono kwa kidole gumba.

Akaamua kumshonea koti. Koti la mwanamume, lenye bitana, kazi ngumu kuliko zote, na kwa mtu asiyeweza kumpima wala kumtazama. Alichukua vipimo kwenye koti kuukuu la mzee siku mama mkwe alipolianika uani, na mengine aliniuliza mimi. Amekonda? Bega lipi limeshuka? Nikawa naenda kumsalimia mzee bila sababu, nikimkagua kama ng'ombe wa mnada, mpaka akaniuliza kama nina shida ya macho. Koti lilifumuliwa na kushonwa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Likapelekwa kwa mama mkwe, limekunjwa ndani ya kitenge. Jibu halikuja.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa rafiki yangu asubuhi, tumesimama njiani mbele ya nyumba yake tukizungumza, tukasikia kikohozi kwenye kona. Akaingia migombani, akachuchumaa, akavuta kitenge kichwani. Mimi nilibaki njiani. Mzee akatokea, anakwenda kanisani, tai shingoni, na ndani ya lile koti. Lilimkaa. Nilitaka kupiga kelele jinsi lilivyomkaa, lakini aliyelishona alikuwa uso chini kwenye majani makavu na hakuruhusiwa kuona.

Mzee alifika usawa wetu akasimama. Hakusimama hapo siku nyingine yoyote, mzee mwenye adabu hupita haraka. Alinisalimia. Kisha akaigeuzia migomba mgongo, taratibu, akainua uso kuutazama mlima Rungwe. Mlima haukuwepo. Wingu lilikuwa limeufunika wote mpaka chini, hata kijiji cha ng'ambo kilikuwa hakionekani. Yeye aliendelea kuutazama. Akatandaza mikono kidogo, kama mtu anayejinyoosha, mabega yakavutika, akaishusha. Akaiinua tena.

Nikaona kitenge kikisogea migombani, na jicho likitokea.

Mzee aliutazama mlima wake kwa muda wa kumtosha fundi yeyote kukagua mshono wa kati, mabega na pindo la chini. Halafu akakohoa, jicho likarudi ndani ya kitenge, naye akakung'uta kofia.

"Mwambie asirudie," aliniambia, akaenda kanisani.

Aliyekuwa migombani alikuwa amesikia neno kwa neno. Lakini niliingia kwenye majani nikampelekea ujumbe wake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.